Mama wa Taka na Yadi ya Manyoni

Nilipomaliza kidato cha nne Kiomboi sikuwa na ndoto ya kufanya kazi kwenye taka. Nilitaka kuwa karani wa benki, nivae viatu vya kisigino na kukaa nyuma ya kioo. Lakini benki zilikuwa zinapunguza watu, mashirika ya umma yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine, na kila mtu alikuwa anaambiwa ajitafutie. Nikahamia kwa shangazi Singida mjini. Siku moja akarudi kutoka sokoni akaniambia amenipatia kazi.

"Kwa nani, shangazi?"

"Kwa yule mama wa taka."

Nikavuta mdomo. Shangazi alinitazama, akasema, "Mwanangu, ukimaliza kununa uoge twende."

Mjini wote walimjua. Alikuwa Mnyaturu wa upande wa Mgori, mama mnene mwenye sauti nzito, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye stoo ya kiwanda cha umma mpaka kiwanda kikafungwa. Wenzake walichukua kiinua mgongo wakafungua maduka ya soda na mitumba. Yeye aliangalia upande mwingine. Aliona kuwa biashara ilipofunguliwa, vitu viliingia mjini kwa wingi ambao hatukuuzoea, na takataka zikaingia navyo. Zamani kopo tupu la mafuta lilikuwa mali, mtu halitupi. Utachotea maji, utapandia maua, utapimia mtama. Sasa makopo yalikuwa yanatupwa, chupa zinatupwa, mifuko ya plastiki inapeperushwa na ule upepo wetu wa Singida mpaka inanasa kwenye mawe makubwa ya mlimani. Halmashauri ilipotangaza kwamba watu binafsi wanaweza kuomba zabuni ya kuzoa taka za soko na stendi, wanaume walicheka. Yeye akaomba, akapata.

Nilipofika kwake alikuwa amekwisha kutoka kwenye mikokoteni na kupata trekta kuukuu lenye tela. Yadi yake ilikuwa nje kidogo ya mji, njia ya kwenda ziwani. Upande mmoja mboga zilizooza na maganda ya vitunguu yakigeuzwa mbolea. Upande mwingine vyuma chakavu, chupa, mifupa na plastiki, kila kitu na fungu lake.

"Shikamoo Mama," nilimwamkia.

"Marahaba. Nani kakuleta?"

"Shangazi yangu huyu."

Akamgeukia shangazi. "Utakuwa unachukua sehemu ya mshahara wake?"

Shangazi alishtuka. "Mimi? Kwa nini?"

"Nauliza tu. Wako wanaochukua." Kisha akanigeukia tena. "Vyeti vyako."

Nikampa bahasha. Alisoma cheti pale pale akiwa amesimama, akanirudishia. "Rudisha kwenye mkoba. Na mtu yeyote akikuambia anakutunzia vyeti, hata kama ni mimi, ujue kuna jambo."

Niliona ni mama wa ajabu. Nikapewa kazi ya kusimamia mizani.

Baadaye nilizoea maajabu yake. Kila mtu mpya aliyeanza kazi, baada ya siku chache alimwita pembeni na kumwuliza swali lile lile: "Leo ukitaka kuondoka, utaondoka?" Watu walidhani anawafukuza. Mzee mmoja mchambuaji wa chupa alianza kulia, akasema hajaiba kitu. Ikabidi Mama amweleze kwamba hamfukuzi, anataka tu kujua kama kuna mtu yeyote, nyumbani au njiani au hapa yadini, aliyemshikia kitu kinachomfanya asiweze kwenda anakotaka.

Siku moja tukila mchana, nilimwuliza kwa nini anauliza hivyo. Hakuwa mtu wa kusimulia. Alimaliza tonge lake kwanza.

"Baba yangu alikuwa manamba," alisema. "Alipakiwa kwenye lori na wenzake, wakapelekwa Tanga kwenye mkonge. Sisi tuliobaki tuliambiwa amekwenda kazini. Alirudi mimi nimeshavunja ungo, sikumtambua. Nilimwuliza, baba, walikufunga? Akasema hapana, hakuna aliyenifunga. Ila kila kitu cha kunifikisha nyumbani kilikuwa mikononi mwa mtu mwingine."

Akanawa mikono, akaenda kumgombeza dereva wa trekta kwa Kinyaturu. Alikuwa na ulimi mkali, siwezi kuuficha. Na kwenye sukari ya chai alikuwa bahili kupita kiasi; tulikunywa chai iliyopitiwa tu na harufu ya sukari.

Biashara ilikua. Mnunuzi wa vyuma kutoka Dar es Salaam alianza kuleta lori, akataka mzigo mkubwa kuliko tuliokusanya mjini. Mama akatafuta watu wa kutuuzia kutoka wilayani. Mmoja alikuwa Manyoni, karibu na reli. Huyu alikuwa hodari. Mzigo wake ulikuja safi: nyaya zimeshamenywa, shaba peke yake, chuma hakina udongo, bati limekunjwa vizuri. Mimi wa mizani nilimpenda kwa sababu mzigo wake haukuwa na ugomvi. Mnunuzi wa Dar alimpenda zaidi.

Mvua za kwanza ziliponyesha, yadi yetu ilipungua watu kama kila mwaka. Wanaume waliomba ruhusa wakalime, wanawake wakaenda kupanda mtama na alizeti. Mama hakuwazuia, na yeye alikuwa na shamba. Watu wote waliokuwa wanatuuzia walipunguza mzigo. Mtu wa Manyoni hakupunguza. Lori lake liliingia siku ile ile aliyoahidi, limejaa, shaba imemenywa vilevile.

Mama alisimama kando ya lori akashika uzi wa shaba, akauzungusha kidoleni.

"Watu wote wako shambani," alisema. "Huyu anawatoa wapi wa kumenya nyaya?"

"Labda anawalipa vizuri, Mama," nilisema.

"Labda." Akautupa uzi kwenye fungu. "Kesho kutwa tutakwenda kuwaona hao wanaolipwa vizuri kuliko kulima."

Tuliondoka na basi la asubuhi bila kumpa taarifa. Yadi ya yule bwana haikuwa mbali na stesheni, imezungushiwa mabati marefu, na mbele yake nyumba nzuri yenye baraza la saruji. Yeye mwenyewe alitoka akiwa na furaha. Alikuwa mtu wa adabu, mwenye maneno laini. Alituwekea viti, akaagiza soda.

"Mama, ungetuma tu mtu, ningekuja mwenyewe Singida."

"Nilitaka kupafahamu," alisema Mama. "Na kuwasalimia wachambuaji wako. Wananifanyia kazi nzuri."

"Wako kazini, Mama. Ukiwasimamisha hawa, siku imekwisha."

"Sitawasimamisha. Nitawasalimia wakiendelea."

Yule bwana alicheka, akabadilisha mazungumzo, akazungumzia mvua. Mama alikunywa soda yake yote taratibu. Kisha akauliza choo kiko wapi. Hakuna mwenyeji anayeweza kumnyima mama mtu mzima choo. Bwana aliinua mkono kuonyesha nyuma ya nyumba, na Mama akaniambia, "Nishike mkono, miguu inaniuma." Miguu haikuwa inamuuma.

Hatukufika chooni. Tulipita mlango wa mabati uliokuwa umerudishiwa tu, tukaingia ndani ya yadi.

Walikuwa wanaume kama saba au wanane, wamekaa juu ya matairi, wanamenya nyaya kwa visu vifupi. Hakuna aliyeinua kichwa. Miguuni hawakuwa na viatu; walikuwa wamefunga vipande vya mpira wa tairi kwa kamba, na chini kulikuwa na vipande vya bati na misumari kila mahali. Pembeni mwanamke wa makamo alikuwa anasonga ugali kwenye sufuria kubwa. Na yeye miguu yake ilikuwa hivyo hivyo.

Mama aliwasalimia. Waliitikia kwa Kiswahili chenye lafudhi ya magharibi, mbali kupita Tabora. Akavuta tairi moja akakaa, na ile kanga yake nzuri ya safari, akaanza kuwauliza habari za nyumbani kama mgeni yeyote anavyouliza. Mvua zimenyesha huko? Watoto wanasoma? Mmoja mmoja wakaanza kujibu. Waliletwa kwa treni, walisema, na mtu aliyewaambia kuna kazi kiwandani.

Yule bwana alikuwa amefika na amesimama nyuma yetu. Uso wake ulikuwa bado unatabasamu.

Mama hakumtazama. Alimwuliza mzee mmoja aliyekuwa karibu naye, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Baba, leo ukitaka kuondoka, utaondoka?"

Mzee alimwangalia tajiri wake, akarudisha macho kwenye uzi wake. Wengine wakainamia nyaya zao. Nilisikia tu mwiko ukigonga sufuria. Kisha ukaacha kugonga, na yule mpishi akasema:

"Viatu vyangu viko stoo."

"Stoo ya nani?"

"Ya bosi. Viatu vyetu vyote, na mizigo yetu. Alisema anatutunzia, visiibiwe. Anafungua tukimaliza nauli aliyotulipia. Haimaliziki."

"Mama," alisema yule bwana, tabasamu limekwisha, "kila biashara ina utaratibu wake. Hawa watu ukiwaachia wanakimbia. Nimewagharamia."

"Naomba ufungue stoo."

"Wewe ni mteja wangu. Nakuheshimu. Lakini hapa ni kwangu."

"Ni kweli," alisema Mama. Akajisukuma kutoka kwenye tairi, akajipangusa. Mimi nilidhani tumeshindwa na tunaondoka. Mlangoni akaninong'oneza, "Wewe baki hapa barazani. Usitoke hata akikufukuza. Akiwahamisha, angalia wanakwenda upande gani."

Akaenda peke yake. Nilikaa barazani na chupa yangu ya soda tupu, na yule bwana akipita mbele yangu, kuingia na kutoka. Aliniambia niondoke. Nikasema nimeambiwa na Mama nisubiri, shikamoo, samahani sana. Aliniambia tena. Nikasema tena samahani. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi; nadhani nilimwogopa Mama kuliko yeye.

Mama alirudi jua limeanza kupinda, akiwa na mjumbe wa nyumba kumi, mtendaji wa kata, na afisa kazi ambaye kwa bahati alikuwa wilayani kwa shughuli nyingine. Mama alikuwa amekwenda ofisi ya kwanza akaambiwa asubiri, akasubiri. Ya pili akaambiwa aandike, akasema atasimulia kwanza halafu aandike. Afisa kazi alikuwa kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Aliingia yadini, akaangalia miguu ya wale watu.

"Fungua stoo," alimwambia yule bwana.

Ilifunguliwa. Vitu vyao vilikuwa humo, mabegi ya nailoni na vifurushi vya kanga, vimerundikwa juu ya magunia ya shaba. Waliingia wakatoka, kila mmoja na chake, bila kusukumana. Yule mpishi alikaa chini kwenye kizingiti akavaa raba zake. Panya walikuwa wametafuna mbele, kidole kikubwa kikatokeza. Alifunga kamba kwa makini sana. Kisha akasimama, akaenda kuipua ugali usiungue, akawagawia wote, hata mtendaji wa kata. Nilimtazama nikashindwa kuzuia machozi. Mama alinipa pembe ya kanga yake.

Afisa kazi alimwamuru yule bwana awalipe stahili zao na nauli za kurudi, na alikaa pale mpaka ikafanyika. Wengi walipanda treni kurudi kwao. Wawili walisema hawawezi kurudi nyumbani na hadithi ile bila kitu mkononi. Mmoja alikuwa yule mpishi. Mama akawaambia kuna kazi Singida, mlango wa yadi yake wataukagua wenyewe kwanza.

Kilichofuata hakikuwa rahisi. Mnunuzi wa Dar alipofika akakuta fungu dogo, alikasirika.

"Mama, wewe unanunua chuma au unahubiri?"

"Nanunua chuma. Na chuma chako nitakupa, lakini kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo hakijazi lori."

Akaondoka na lori lake tupu, hakurudi kwa muda mrefu. Tuliuza trekta, tukarudi kwenye mikokoteni. Mimi niliyekuwa nimeanza kujiona karani nilisukuma mkokoteni wa maganda ya vitunguu mbele ya wanafunzi wenzangu wa zamani waliokuwa wanasubiri basi stendi. Wafanyakazi walinung'unika. Siku moja mchukuzi mmoja, mtu mzuri tu mwenye watoto wengi, alisema mbele ya wote: "Tunalala njaa kwa ajili ya watu wa Manyoni ambao si ndugu zetu."

Tulidhani Mama atamlipukia. Alijibu taratibu. "Baba yangu kule Tanga hakuwa ndugu wa mtu."

Yule mchukuzi mwenyewe ndiye aliyeinuka kwanza kurudi kwenye mkokoteni.

Tulijenga upya kwa njia nyingine. Badala ya kununua kwa mtu mmoja mkubwa tulikwenda minadani, tukanunua kutoka kwa akina mama na vijana waliokusanya wenyewe vijijini, Mgori, Ikungi, mpaka Kiomboi kwetu. Na kwa wale wachache wenye yadi, Mama alimtuma yule mpishi. Hakumpa cheo, lakini sisi tulimwita mkaguzi. Alikwenda bila taarifa. Hakuanza kwa mwenye yadi, alianza jikoni. Alisaidia kuchambua mboga, akala na wachambuaji, kisha akaomba kuona wanapolala. Hapo aliangalia kitu kimoja: komeo la mlango liko ndani au nje. Kwa mwosha plastiki mmoja alikuta komeo liko nje. Akamwomba mwenye nyumba nyundo, mwenye nyumba akampa akidhani anataka kupigilia msumari kwenye kiatu, naye akaling'oa komeo akalipigilia ndani, akamshukuru, akarudisha nyundo. Yule mtu alitueleza mwenyewe akicheka, na alibaki akituuzia miaka yote. Hakuwa mtu mbaya, alisema mpishi. Hakuwa amewahi kufikiria.

Hilo ndilo lililonifundisha zaidi. Siku zote nilidhani watu wa aina hii wana mapembe. Mpishi alisema wengi wanaanza kwa kitu kidogo, kumtunzia mtu begi, kumfungia mlango asiibiwe, na hakuna anayewauliza.

Mnunuzi wa Dar alirudi mwenyewe. Alisema mizigo ya wengine ina mawe ndani, yetu haina. Hakusema zaidi na Mama hakumlazimisha. Trekta jingine likapatikana.

Kisha na yule bwana wa Manyoni akaja. Alikuwa amekonda, amevaa kawaida. Alisema yadi yake sasa iko wazi, watu wanalala kwao, na anaomba kutuuzia tena. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwita mpishi kutoka kwenye mafungu.

"Huyu bwana anaomba kutuuzia. Uamuzi si wangu, ni wako."

Mimi nilikuwa kwenye mizani, sikuweza hata kujifanya napima. Mpishi alimwamkia yule bwana kwa heshima, akamuuliza habari za familia yake. Akafikiri.

"Mama, kumsamehe nimemsamehe," alisema. "Kununua kwake, hapana."

"Umesikia," Mama alimwambia yule bwana. Akaagiza aletewe chai, na siku hiyo iliwekwa sukari ya kutosha. Alikunywa, akaaga, akaondoka kwa miguu kuelekea stendi. Mimi wakati ule niliona amenyimwa nafasi ambayo mtu aliyebadilika anastahili, na sijui mpaka leo kama niliona sawa. Lakini sikuwa mimi niliyefungiwa viatu stoo.

Miaka ilipita. Kampuni kubwa ilikuja na malori ya kushindilia taka, ikapata zabuni, na Mama hakupigania sana. Alikuwa amechoka na magoti yalikuwa yanamsumbua kweli sasa. Mpishi alifungua mgahawa karibu na stendi. Mimi nikapata kazi ya kuhesabu mifuko kwenye kiwanda cha kukamua alizeti, bila viatu vya kisigino. Mama akarudi kwao Mgori kulima na kufuga kuku.

Nilimtembelea mara ya mwisho wakati wa mavuno. Nilimkuta amekaa nje na mwanamume mmoja mgeni, amevaa shuka la kuchungia, anakula ugali na kuku kana kwamba hajala siku nyingi. Nikamwamkia Mama, nikamsalimia na yule mgeni.

"Huyu anachunga ng'ombe wa jirani," alisema Mama. "Alitaka kwenda kumzika mama yake. Jirani amemfungia baiskeli yake ndani."

"Sasa, Mama?"

"Sasa tunakula."

Nikavuta kigoda nikakaa nao. Hatujamaliza mboga, jirani akatokea kwenye njia ya shambani, anakuja kwa haraka, fimbo mkononi, ameshaanza kupaza sauti kabla hajafika. Mchungaji aliacha kutafuna. Mama alimsukumia sahani karibu, kisha akaonyesha kigoda kilichobaki.

"Karibu, jirani," alisema. "Kaa. Tulikuwa tunakusubiri."